Msimzike Mwanasesere

Wusakile, Kitwe
6 Juni 1995

Dada Perpetua,

Salamu nyingi. Jina langu umelisikia, na najua hukulisikia kwa wema. Mimi ni Eness Jere, mke wa Sylvester. Kabla hujaichana barua hii, tafadhali isome mpaka mwisho. Haina ugomvi ndani yake.

Binti yako Kasuba anatimiza miaka saba tarehe kumi na mbili Agosti. Nilimuuliza anataka nini. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi akasema, "Keki ya mwanasesere. Ile ambayo keki ndiyo sketi." Nikamwambia tutainunua. Akasema, "Hainunuliwi. Alikuwa anatengeneza mama."

Nimeuliza mtaa mzima. Wote wanakumbuka jinsi wake za wakubwa wa mgodi walivyokuwa wakipanga foleni mlangoni kwako, na sukari yako ilivyokuwa ikikunjika kama hariri. Ulifanyaje, hakuna ajuaye. Mimi najua ugali wetu wa nshima, dagaa wa kapenta na mandazi. Keki nimeoka moja tu maishani, shuleni, na mwalimu akaitupia kuku.

Nakuomba unifundishe. Unijibu kwa sanduku la posta la kanisa, siyo lile la mgodini. Sylvester hajui kwamba nimekuandikia. Anwani yako niliikuta kwenye karatasi fulani humu ndani.

Kasuba hajambo. Amerefuka.

Kwa heshima,
Eness Jere


Livingstone
14 Juni 1995

Eness,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa.

"Karatasi fulani"? Nimemwandikia binti yangu barua kumi na moja katika miezi kumi na minne, na kila moja ina anwani yangu juu yake. Sijapata jibu hata la mstari mmoja. Kama kuandika bado, kuchora anajua. Nilimtumia mpaka penseli za rangi. Kumbe keki anaikumbuka, aliyeipika ndiye amemsahau.

Wewe uliingia humo godoro langu halijapoa, na leo unataka na bakuli langu. Haya. Siandiki kwa ajili yako.

Sketi haiokwi kwenye sufuria. Tafuta bakuli refu la chuma, lipake siagi kila mahali, ulinyunyizie unga. Siagi na sukari ziwe sawa kwa uzito, mayai sita, unga uzidi kidogo. Moto uwe mdogo, saa nzima na robo, na usifungue tanuri kuchungulia kama jirani mbea. Iache mpaka kesho yake ndipo uipindue. Keki iliyovalishwa siku ileile ya kuokwa hukatika kiunoni.

Fondanti ndiyo kitambaa chenyewe. Chukua sukari ya unga nusu kilo, ute wa yai moja na vijiko viwili vya ile glukosi nzito. Uliza duka la dawa. Kanda mpaka iwe laini kama ndewe ya sikio, kisha sukuma kama chapati kubwa. Ipake keki jamu nyepesi ili kitambaa kishike, halafu uivalishe.

Ninyi Wangoni mmezoea kuchuna panya. Kumvalisha mtu ni kazi ya kinyume chake, lakini jaribu.

Perpetua Mukuka,
mama yake Kasuba


Wusakile
25 Juni 1995

Dada Perpetua,

Panya hachunwi. Huchemshwa na manyoya yake. Unatukana kitu usichokijua. Mnaochuna ni ninyi Wabemba, mkimpata nyani, na nasikia mnamchuna polepole kwa sababu anafanana na mjomba.

Nisamehe. Nilipofika pale penye panya nilicheka peke yangu kanisani, mzee wa kanisa akanitazama. Nikajua mtani wangu huyu ana hasira, lakini hajafunga mlango.

Sasa nisikilize mkasa wangu. Keki ya kwanza ilitoka nusu. Nusu nyingine ilibaki bakulini ikanitazama. Ya pili ilitoka nzima. Niliposukuma ile fondanti na kuiweka juu, ilipasuka kama kisigino cha mchimba mgodi. Nikaibandika kwa maji. Ikateleza yote hadi chini ikakaa kama soksi iliyolegea. Mama Yande wa jirani aliingia, akatazama, akasema, "Pole. Nani amekufa?"

Kasuba alikula sketi na soksi, akasema ni tamu ila ni mbaya. Jino lake la mbele limetoka. Anapiga mluzi bila kukusudia kila akisema "sukari".

Kuhusu barua zako, posta zetu unazijua.

Nimekosea wapi?

Mtani wako,
Eness


Livingstone
3 Julai 1995

Eness,

Umekosea mahali pamoja tu: umeisahau baridi ya Juni. Hewa kavu hunyonya sukari. Ongeza kijiko cha chai cha gliserini, na donge usilolitumia lifunike kwa kitambaa kibichi, hata kama unakwenda kufungua mlango tu. Sukuma juu ya konifulawa. Ukitaka kuinyanyua, izungushe kwenye kile kijiti cha kusukumia, usiishike kwa vidole kama mkia wa chakula chenu. Nyufa ndogo zisugue kwa kiganja chenye mafuta kidogo. Maji usiguse! Maji ni adui wa fondanti.

Marinda huyafanyi kwa kisu. Tumia sindano ya kufumia sweta: ilaze, bonyeza, sogeza, kuanzia kiunoni kwenda chini. Usiyalinganishe sana. Sketi ya mtu aliye hai haina marinda yaliyolingana.

Mwanasesere mwenyewe mfunge miguu kwa plastiki safi. Toboa keki katikati, mshushe mpaka kiunoni, kisha mtengenezee blauzi ya fondanti kifuani. Huko ndiko kazi iliko, uyafiche maungio.

Jino gani? La juu au la chini? Nimekaa na sentensi yako ile ya mluzi siku nne.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Hoteli yetu ina tawi Gaborone, na wananitaka nikaongoze jiko la keki miaka mitatu. Wiki ijayo natia sahihi. Mwaka wa kwanza sikupewa likizo, wa pili nikangoja mwaliko, hata mchoro wa nyumba yenye moshi. Mtoto akishazoea, kumvuruga ni dhambi. Kama huko Gaborone hakuna anayeningoja, na Kitwe vilevile hakuna, basi bora niende penye mshahara.

Perpetua


Wusakile
11 Julai 1995

Dada Perpetua,

Usitie sahihi. Kama kalamu iko mkononi, iweke chini kwanza usome.

Jana nilifanya majaribio ya mwisho. Sketi ilikubali. Fondanti ilikubali, nilipita na sindano, marinda yakaja, nikajiona fundi. Kasuba alikuwa amesimama kwenye kigoda akinitazama. Nikamfunga mwanasesere miguu kwa plastiki, nikatoboa shimo, nikaanza kumshusha.

Kasuba akapiga ukelele. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtoto. "Msimzike! Msimzike mama!" Alimchomoa mwanasesere akakimbilia naye chini ya kitanda, akakaa huko mpaka nikaingia na mimi tukalala sakafuni uso kwa uso.

Nikamuuliza, "Nani alikwambia mama amezikwa?"

Akasema, "Baba alisema ameenda, harudi. Na mama mdogo wa Yande ameenda, harudi, na yeye wakamfunga wakamtia shimoni. Niliona."

Dada, mtoto wako anaamini umekufa. Keki hiyo alikuwa anaiomba kama tunavyoomba kitu cha marehemu.

Hilo sikulijua, naapa. Lakini lingine nililijua. Mwezi wa Mei nilikuwa natafuta koleo kwenye sanduku la spana la Sylvester. Chini yake nilikuta barua zako. Zote kumi na moja, hazijafunguliwa, pamoja na penseli za rangi. Ndiyo "karatasi fulani". Posta haina kosa lolote.

Nilikuficha. Niliona aibu kwa ajili ya mume wangu, hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa ukijua utakuja umchukue. Mimi sijajaliwa, na huyu mtoto amenizoea. Usiku akiota vibaya anakuja kuniwekea mguu tumboni. Nikajiambia nitampa keki, wewe utabaki mbali, na dhambi itakuwa imelipwa kwa sukari.

Nitukane, nimestahili. Ila usiende Gaborone.

Eness


Wusakile
21 Julai 1995

Dada,

Siku kumi. Kila siku napita kanisani kufungua sanduku. Karani ameanza kutikisa kichwa akiniona kwa mbali.

Kasuba sijamwambia neno. Nikimwambia u hai, na wewe umeshaondoka, nitakuwa nimemuua mama yake mara ya pili. Niambie nifanye nini.

Jino lilikuwa la juu, kulia.

Eness


Livingstone
24 Julai 1995

Eness,

Nilikuwa nimeshatia sahihi, siku moja kabla hujaandika. Natakiwa Gaborone Septemba mosi.

Barua yako ilinikuta jikoni. Nilianza kumwandikia Sylvester, kurasa sita. Nikazichoma kwenye tanuri, mikate ya wageni ikatoka na harufu ya karatasi. Nikakuandikia wewe, nikachana. Siku zote hizi nilikuwa natafuta tusi la kukutosha, na kila nikilipata nakumbuka kwamba uliingia chini ya kitanda. Sijui wanawake wangapi wangeingia.

Nilikuwa nimemkasirikia mtoto. Unaelewa? Nimemnunia mtoto wa miaka sita, miezi kumi na minne, na yeye alikuwa ananiombolezea.

Usimwambie kwa maneno yako. Msomee karatasi niliyoiweka humu ndani, na umpe picha. Baba yake awepo au asiwepo, shauri yake.

Perpetua


*(ndani yake)*

Kasuba wangu,

Mimi ni mama yako, Perpetua. Sikufa. Niko hai, niko Livingstone, napika keki hotelini. Hakuna mtu aliyenizika.

Ni kweli niliondoka. Niliondoka kwa treni, na treni hiyo huenda na kurudi. Nilikuandikia barua nyingi, lakini zilikwama njiani. Badala ya kutuma karatasi nilipaswa kuja mwenyewe. Hilo ni kosa langu, si lako.

Huyu kwenye picha mwenye kofia nyeupe ni mimi. Nimenenepa. Huo weusi mkononi ni alama ya tanuri, umeshapona.

Ukitaka kuuliza kitu, muulize Eness. Yeye anajua kwamba niko hai.

Mama


Wusakile
31 Julai 1995

Dada Perpetua,

Nilimsomea Jumamosi asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Nani ameandika?"

"Mama yako."

"Waliokufa wanaandika?"

"Hapana."

Akaichukua picha akaenda nayo dirishani. Hakulia. Akaenda akaoga, kwa maji baridi, bila kuambiwa. Akavaa gauni la kanisani na viatu, akakaa kizingitini. Nikamuuliza, "Unafanya nini hapo?" Akasema, "Nangoja treni." Nilimwambia treni haipiti hapa. Akasema, "Najua. Nangoja mtu wa kunipeleka."

Alikaa hapo mpaka Sylvester akarudi kutoka zamu, saa nane. Akamkuta amekaza mikanda ya viatu.

"Kasuba, safari ya wapi?"

"Kwa mama. Hajafa. Ulisahau kuniambia."

Dada, hakusema "ulinidanganya". Alisema "ulisahau". Sylvester alishika nguzo ya mlango. Nikamwekea mezani zile barua kumi na moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi, nikasema moyoni akinigusa narudi kwetu Chipata leo hii.

Akakaa chini. Akasema, "Mwanzoni alikuwa analia kila siku. Nikamwambia mama hatarudi, ili asingoje. Baada ya ule msiba wa jirani akaacha kulia. Nilijua kwa nini ameacha, Eness. Nilijua. Nikasema afadhali, amepona."

Nikamwambia, "Hakupona. Alizika."

Jioni alimvua Kasuba viatu mwenyewe, akamwambia atampeleka au mama atakuja, moja kati ya hayo mawili. Hapo chini anataka kuandika neno.

Na keki? Kasuba anaitaka bado, ila mwanasesere asitiwe ndani. Awe na miguu inayoonekana. Sasa hiyo nitafanyaje mimi? Sketi iko chini, miguu ikae wapi? Uganga wangu umefika ukingoni. Njoo.

Eness

*Perpetua, nimekosa. Siandiki mengi. Njoo kwenye siku ya mtoto, mlango uko wazi. S. Chanda*


Livingstone
17 Agosti 1995

Eness, mtani wangu,

Nimefika salama juzi kutoka kwenu. Ninakuandikia bila kubadili nguo za kazi, maana ukweli ni kwamba ulitukimbia. Eti mkutano wa akina mama kanisani, Ijumaa saa tatu asubuhi! Nilikuona ulivyotoka bila hata Biblia. Kwa hiyo hukuyaona yaliyotokea jikoni, na ni haki yako uyajue.

Ulipoondoka Kasuba hakunikaribia. Alisimama upande wa pili wa meza akinipima. Nikaanza kukanda fondanti, kwa kuwa mikono yangu ilihitaji kazi. Baada ya muda akazunguka meza akanifinya mkono, hapa juu, kwa nguvu.

Nikasema, "Aa! Unaniumiza."

Akasema, "Eeh. Unaumia." Akatabasamu na lile pengo lake, akanifinya tena, taratibu.

Nikamkumbatia na mikono yangu yenye konifulawa. Gauni lake litakuwa jeupe mgongoni mpaka leo, nadhani.

Halafu tukashauriana kuhusu miguu, kama mafundi wawili. Nikamwambia, "Vipi kama hasimami? Vipi kama amekaa?" Akafikiri. "Amekaa anapumzika?" "Anapumzika." Basi ndiyo maana ulipokuja ukakuta kilima kimevalishwa, mwanasesere amekaa juu yake, sketi imemwagika pande zote na miguu imenyooka mbele. Ile rangi ya waridi tuliipata kwa tone moja la rangi kwenye kijiti cha meno. Marinda ya mbele ni yangu. Ya nyuma, yaliyopinda kama njia ya mlevi, ni yake. Viatu alivifinyanga mwenyewe; cha kushoto ni kikubwa kwa sababu sukari ilibaki na hakutaka itupwe.

Nilikuja Kitwe na begi tupu, Eness. Nakuambia kwa sababu na wewe uliniambia ya kwako. Nilikuja kumchukua. Nilikuwa nimeshajibu maneno yote mtakayosema. Kisha Jumamosi, wageni walipojaa, akajikwaa akaanguka, akaumia goti. Mimi nilikuwa karibu. Akanipita akakimbilia kwako. Ilinichoma, sikufichi. Lakini baada ya ule moto kupita nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hakuna kitu. Muda wote ule nilidhani mwanangu yuko peke yake. Hakuwa peke yake.

Gaborone siendi. Nilimwendea meneja nikiwa nimejiandaa kupiga magoti. Akasema, "Kwani hukusikia? Mwenzako wa jiko la nyama anaililia nafasi hiyo tangu Mei." Akaichana karatasi yangu mbele yangu, akaniuliza kama nimesharudisha funguo za stoo. Basi. Mwezi mzima wa kukosa usingizi, na jambo lenyewe limekwisha ndani ya dakika mbili.

Nimepata chumba hapa mtaa wa Maramba kwa mama mmoja asiyechukia watoto. Shule zikifungwa Desemba, mlete. Mlete wewe, siyo kumpa kondakta. Tutalala watatu, na nitakufundisha waridi za sukari, maana mkono unao, ingawa ni wa Mngoni.

Perpetua


Wusakile
27 Agosti 1995

Mla nyani mtani wangu, dada Perpetua,

Na mimi niseme. Siku ile kanisani hapakuwa na mkutano. Nilikaa benchi la nyuma nikifikiria nguo za Kasuba, kama zote ni safi na zimepigwa pasi, usije ukamchukua ukaona aibu. Niliporudi nikasikia mnacheka tangu barabarani, nikashindwa kuingia. Nilikaa karibu na bomba la maji mpaka Mama Yande akaniuliza kama nimefungiwa nje. Ulipopanda treni na begi lako likiwa bado jepesi, nilirudi nyumbani nikalala mchana kutwa, mimi nisiyelala mchana. Sylvester alidhani naumwa.

Habari za hapa ni hizi. Kasuba amezunguka nyumba kwa nyumba na picha yako. "Mama yangu hajafa. Ni mnene." Mwalimu ameniita kuniuliza kulikoni, nikamweleza, akafuta machozi na chaki ikamwingia machoni.

Kiatu kikubwa cha mwanasesere kimeliwa na Yande. Kulikuwa na kesi, imekwisha.

Na Sylvester ameanza kuzisoma zile barua. Kasuba ndiye aliyetaka: baba azisome yeye, kwa sauti, moja kila Jumapili baada ya chakula. Hakuna aliyejua kilichomo, hata yeye, kwa sababu hakuwahi kuzifungua. Ya kwanza alisoma vizuri. Ya pili, pale ulipomwelezea mtoto jinsi ya kufunga kilemba baridi ikiwa kali, aliiweka chini kwanza akanywa kikombe cha munkoyo.

Leo ilikuwa ya tatu. Ameketi kwenye kigoda, Kasuba mbele yake, mimi nachambua mboga. Anasoma, anasoma, ghafla akanyamaza, kisha akaendelea na habari za mvua.

Kasuba akasema, "Baba, umeruka."

"Sijaruka."

"Umeruka. Macho yako yalisimama."

Akanitazama mimi. Nikatazama mboga. Akakohoa, akasoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza: "'Na umwambie baba yako kwamba kichwa chake ni kigumu kuliko jiwe lolote atakalolipasua mgodini, na kwamba baruti haitoshi.'"

Kasuba alicheka mpaka akaanguka chini. Nilijizuia, nikashindwa. Sylvester alibaki ameishika karatasi, mdomo umemkaza, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nikaona kwamba na yeye anacheka, machozi yakimchuruzika, hajifichi.

Zimebaki nane. Kama kuna nyingine za namna hiyo, usiniambie ni ipi.

Eness